Fidla mbili, kinu kimoja

Safu ya maswali ya wasomaji kuhusu muziki na vyombo vyake

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote za huku huku kusini, kuanzia Mtwara mjini mpaka Newala na Lindi, na zinazohusu fidla ni nne kwa hiyo nimeona tukae na fidla ukurasa mzima. Barua ya kwanza naijibu kwa urefu, wengine mnisamehe, tatizo lake nimeliona kwa vijana wengi na halijapata mtu wa kulieleza vizuri.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mi ni binti wa miaka 19 nakaa Chikongola hapa Mtwara, mdogo wangu wa kiume ana miaka 16, wote tunapiga fidla, tulifundishwa na mwalimu wa kwaya kanisani. Baba alikuwa dereva kule Madimba kwenye mambo ya gesi, kuna mzee mmoja Mskoti alikuwa anarudi kwao akampa baba flashi imejaa muziki wa kwao, wapigaji ni wawili tu, mmoja fidla mwingine selo, ile kama fidla kubwa ya sauti nzito, hakuna ngoma hakuna gitaa lakini ukisikiliza miguu haitulii. Tumejifunza nyimbo tatu kwa masikio. Shida ni kwamba tukizipiga wote wawili pamoja inakuwa kama tunakimbizana, na ule mdundo wao wa kukatakata hautoki kabisa, ukitoka unakuwa kama kwata ya mgambo. Mdogo wangu anasema tununue kinanda chenye biti kitusaidie. Selo hatuna na hela ya selo hatuna. Kaka yetu anaoa mwezi wa 9 na tunataka tupige. Tufanyeje mwalimu?
Binti wa Chikongola

JIBU: Marahaba mwanangu, na mpe kaka hongera. Nianze na la hela, kinanda cha biti msinunue. Kile kinahesabu kama saa ya ukutani na huu muziki hauhesabu hivyo, unavuta kidogo hapa unasukuma kidogo pale, mkijifunga kwenye biti ya mashine mtakuwa mnaikimbilia nyinyi usiku kucha na ile raha mliyoisikia kwenye flashi hamtaiona. Tena ngoma mnayo tayari, ni hiyo fidla ya pili, ila hamjaipa kazi.

Ugonjwa wenu umeutaja mwenyewe uliposema "tukizipiga wote wawili pamoja". Yaani wote mnapiga wimbo. Watu wawili wakipiga wimbo uleule kwa sauti ya kimo kilekile, upinde mmoja ukichelewa kidogo tu kila mtu anasikia, na kila mmoja anamsubiri mwenzake au anamkimbia, ndiyo hiyo kukimbizana. Sasa nikuulize, umeshawahi kuona wanawake wawili wanatwanga kwenye kinu kimoja? Lazima umeona. Mi nilikuwa nakaa kwenye kizingiti cha jiko kwa bibi Naliendele nawaangalia yeye na shangazi wakitwanga mhogo mkavu, mchi wa bibi unashuka ndii wakati wa shangazi uko juu, wa shangazi unashuka wa bibi unapanda, kinu hakipumziki na michi haigongani. Halafu katikati hapo bibi anauachia mchi hewani, anapiga kofi moja paa, anaudaka kabla haujainama na anaendelea kama hakuna kilichotokea. Sisi watoto tulikuwa tunamwangalia bibi kwa lile kofi. Nilikuja kuelewa nimeshakuwa mtu mzima kwamba wa kuangaliwa alikuwa shangazi, maana kofi lilikuwepo kwa sababu shangazi hakutetereka, mchi wake ulishuka palepale ulipotakiwa kushuka na bibi alijua utashuka.

Muziki mliopewa kwenye flashi ndivyo ulivyo. Fidla ni bibi, selo ni shangazi. Na sio mtindo wa juzi, ni mpangilio wa zamani sana. Kule Uskoti kulikuwa na mpiga fidla anaitwa Niel Gow, alizaliwa 1727 akafariki 1807, mtu wa kijiji cha Inver karibu na mji wa Dunkeld, kazi aliyofundishwa ni ufumaji wa vitambaa lakini fidla ndiyo iliyomlisha. Inasimuliwa kwamba akiwa kijana aliingia kwenye mashindano ambayo jaji wake alikuwa kipofu, na yule jaji akasema mkono wa upinde wa huyu kijana angeutambua hata kati ya wapigaji mia. Huyo Niel alikuwa na ndugu yake anaitwa Donald, na Donald alikuwa mtu wa selo, walikuwa wanapiga wawili kwenye dansi na harusi. Kuna picha ya rangi ya mchoraji David Allan, ya mwaka 1780, ya harusi ya watu wa milimani, watu wanacheza na pembeni wamekaa hao ndugu wawili, mmoja na fidla mwingine na selo. Kwa hiyo na nyinyi ndugu wawili mnaokwenda kupiga harusini mjue mnakaa kwenye viti vya watu. Na vitabu vingi vya nyimbo vilivyochapwa enzi hizo, kikiwemo cha Gow mwenyewe cha mwaka 1784, kila wimbo umeandikwa na mstari wa besi chini yake kwa ajili ya selo, maana mtu alikuwa hanunui wimbo mtupu.

Baadaye selo ikapotea kwenye dansi. Piano ikaingia, akodiani ikaingia, selo ikarudi kwenye kumbi za muziki wa kukaa kimya na watu wakasahau kwamba ilikuwa inachezesha watu. Kama kwenye flashi wapigaji ni mwanaume na mwanamke basi kuna uwezekano mkubwa mnawasikiliza Alasdair Fraser na Natalie Haas, albamu yao ya kwanza ilitoka 2004. Fraser ni Mskoti, Natalie ni Mmarekani wa California na alikutana na Fraser, mwalimu wake, akiwa na miaka 11 tu, kwenye kambi ya fidla ambayo Fraser aliianzisha hukohuko California mwaka 1984. Nakuambia hili mwanangu kwa sababu wewe una 19 na mdogo wako 16, msije mkadhani mmechelewa au huu muziki una wenyewe wasiotaka wageni.

Haya, kazi ya fidla ya pili. Mlifundishwa na mwalimu wa kwaya kwa hiyo sol-fa mnaijua, nitaitumia hiyohiyo. Nyimbo nyingi za Kiskoti zimekaa kama zumari la mfuko wa ngozi, lile lenye mabomba yanayolia sauti moja bila kukoma huku wimbo unatembea juu yake. Tafuteni wimbo ambao do yake ni uzi wa A. Mdogo wako asipige wimbo kabisa, apige nyuzi mbili tupu kwa pamoja, A na E, hiyo ni do na so, mkono wa kushoto haugusi kitu. Kuna mahali wimbo utahama, masikio yatakuambia, utakuwa umeshuka kwenye ta, yaani ile ti iliyoshushwa nusu. Hapo ahamie nyuzi mbili za chini, G na D, nazo tupu. Wimbo ukirudi nyumbani na yeye anarudi A na E. Basi! Nyimbo nyingi za aina hii zinatembea kwenye hizo nyumba mbili tu, anatoka hii anaingia ile. Fanyeni hilo wiki nzima kabla ya kitu kingine chochote, kwa upinde mrefu wa polepole, ili wewe unayepiga wimbo uzoee kukaa juu ya sauti ambayo haikufuati bali inakusubiri.

Wiki ya pili ndiyo kinu. Mdogo wako aache upinde mrefu, ashike kazi karibu na kitako cha upinde pale karibu na mkono, apige vipande vifupi kwenye nafasi unazoziacha wewe. Wewe unakanyaga moja na yeye anajibu baada ya moja, unakanyaga mbili anajibu baada ya mbili, dum-cha dum-cha, cha ndiyo yake. Akishaweza aongeze ule mlio mkavu ambao nadhani mmeusikia kwenye flashi mkadhani ni ngoma, ule wa kra, kra. Ile ni singa za upinde zinaangushwa wima juu ya nyuzi pale kwenye kitako bila kuburuta, zinakwama, zinatoa mkwaruzo. Hiyo mbinu haikutoka Uskoti, ilianzishwa Marekani miaka ya 1960 na mpiga fidla anaitwa Richard Greene kwenye muziki wao wa vijijini, ikasambaa, na Natalie Haas anaipiga kwenye selo. Inataka mkono ulegee. Akikaza mkono itatoka kelele na uzi unaweza kukatika, na nyuzi za fidla Mtwara hamna duka la kona utakalozikuta, mtaagiza Dar.

Selo inashuka chini sana kuliko fidla, uzi wake mnene kabisa upo oktavu moja (do mpaka do) na juu yake umbali wa do mpaka so, chini ya uzi mnene wa fidla, hilo shimo la besi hamtalijaza na msijaribu kulijaza kwa kukandamiza upinde. Mtakachofanya ni kumwacha mdogo wako akae kwenye nyuzi mbili za chini kadiri anavyoweza na wewe wimbo uupandishe kwenye A na E, ili sauti zenu zisikae kwenye ghorofa moja. Na mara moja moja mbadilishane. Wimbo una sehemu mbili, kila sehemu ukihesabu moja-mbili-tatu-nne mara nane imeisha na inarudiwa, basi sehemu ya kwanza wewe bibi yeye shangazi, ya pili yeye bibi wewe shangazi. Hao Fraser na Haas wanafanya hivyo muda wote, selo inachukua wimbo na fidla ndiyo inageuka ngoma. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona ndugu wakigombana, mmoja anajiona amefanywa msindikizaji. Aliyewahi kushika kazi ya shangazi kwa jioni moja tu hawezi kuiita usindikizaji.

Sasa ule mkato. Wimbo unaowashinda lazima ni wa aina inayoitwa strathspey, jina limetoka kwenye bonde la mto Spey huko kaskazini mwa Uskoti. Unaenda kwa nne, taratibu kuliko rili, ile aina ya spidi, lakini nota zake hazigawanyiki sawa, kuna ndefu-fupi na kuna fupi-ndefu, na hiyo fupi-ndefu ndiyo inayokatakata, nota fupi inakaa palepale mguu unapogonga chini halafu ndefu inafuata. Kinachotusumbua sisi ni Kiswahili chetu. Sema neno baba. Umesikia? Baa-ba, tunavuta mwanzo na kuachia mwisho, maneno yetu karibu yote tunavuta silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mkono wako unataka kupiga ndefu-fupi hata pale penye fupi-ndefu, na ukilazimisha unakuwa na kwata. Lakini kuna wakati sisi wenyewe tunageuza. Mtoto amefika uwanjani anamwita mama aliye shambani kule kwenye mikorosho, hasemi maama, anasema MA-maaaa! Ma imepigwa fupi na kali, maa imevutwa. Huo ndio mkato wa strathspey wenyewe. Kaeni uani muite mama mara ishirini huku mnagonga mguu chini kwenye ile ma ya kwanza, halafu chukueni fidla mara moja kabla mdomo haujasahau. Kama majirani watauliza waambieni mnafanya mazoezi.

Kwenye upinde mpangilio ni huu, fupi unaipiga kwa upinde wa kushuka, ndefu kwa upinde wa kupanda. Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa sababu upinde wa kushuka una uzito wa mkono na wa kupanda hauna, unakuwa kama umechoka, na nota ndefu inakufa. Niel Gow alisifika kwa hilo hasa, kwamba upinde wake ukipanda ulikuwa na nguvu ileile ya kushuka. Mazoezi yake ni ya kuchosha lakini hayana njia ya mkato. Uzi mmoja mtupu, kupanda peke yake, unapanda, unanyanyua upinde hewani, unaurudisha chini kwenye kitako, unapanda tena. Mara hamsini asubuhi. Sikiliza kama mwisho wa upinde sauti inasinyaa, ikisinyaa hiyo haihesabiki.

Kwa harusi ya kaka pangeni strathspey moja na rili moja, na kati yake msisimame. Rili ni ile ya spidi ambayo nota zote zinakimbia sawasawa kama maji ya bomba, na utamu wake wote upo pale strathspey inapoisha na rili inapoingia bila kuvuta pumzi, wachezaji wanahisi sakafu imeondoka. Shangazi, yaani fidla ya pili, ndiye anayetangaza mabadiliko, cha-cha zake zinaanza kukaza mapigo manne kabla. Fanyeni mazoezi ya hapo tu, mapigo manane ya mwisho na manane ya mwanzo, zaidi ya mtakavyofanya nyimbo zenyewe. Na ile ya tatu mliyojifunza, kama ni ile ya polepole ambayo Niel Gow alimtungia mkewe wa pili Margaret aliyefariki 1805 baada ya kuishi pamoja zaidi ya miaka 30, msiipige saa ya dansi. Ipigeni mwishoni wageni wakishaanza kuondoka, mmoja apige wimbo mwingine ashike nyuzi mbili tupu tu, bila cha, bila kra. Mzee wa karibu miaka 80 ameondokewa na mkewe, hapo hapahitaji mapambo.

SWALI: Mwalimu naomba kujua fidla na violini ni vitu viwili au kimoja? Mwenzangu amenibishia sana kijiweni hapa Lindi.
Msomaji wa Mtanda, Lindi

JIBU: Kimoja. Mbao zilezile, nyuzi nne zilezile G, D, A, E. Watu wa taarab pwani wanaita fidla, waliosoma muziki wa kanisani au wa kuandikwa wengi wanaita violini. Hata Waskoti wenyewe wana majina mawili, moja la muziki wa dansi na moja la ukumbini. Ninachoweza kumpa mwenzio ni kwamba baadhi ya wapigaji wa muziki wa dansi wanapenda daraja la fidla, kile kibao kinachobeba nyuzi, liwe bapa zaidi ili upinde uguse nyuzi mbili kwa urahisi, lakini hilo ni la fundi na mpigaji, chombo hakijabadilika kuwa kingine. Mmalize na mnywe chai.

SWALI: Fidla yangu imeachia ubavuni, mbao ya juu imefunguka kama mdomo kwa urefu wa kidole, na vigingi vya nyuzi vimekwama havizunguki. Ilikuwa nzima mpaka mwezi wa pili. Fundi seremala anasema nimletee aibandike kwa supa gluu dakika mbili. Nimpe?
Mwalimu wa sekondari, Newala

JIBU: Usimpe, tafadhali. Huo mwezi wa pili umejibu nusu ya swali, ni katikati ya mvua zetu, unyevu umejaa hewani, mbao inavimba. Fidla zilizotengenezwa kwa utaratibu wa zamani zimebandikwa kwa gundi ya ngozi ya mnyama ambayo joto na unyevu vinailegeza, na imewekwa hiyo makusudi ili mbao ikivimba au kusinyaa iachie gundi badala ya kupasuka ubao. Kwa hiyo fidla yako haijaharibika, imejiokoa. Ukiweka supa gluu, safari ijayo kitakachoachia ni mbao yenyewe na ufa wa ubao wa juu ni msiba.

Vigingi vikishakubali kuzunguka, namna yake nakueleza hapo chini, legeza nyuzi zote nusu, usizitoe zote, maana ndani kuna kijiti kimesimama kati ya ubao wa juu na wa chini na kinashikiliwa na mkandamizo tu, nyuzi zikitoka zote kinaweza kuanguka na kukirudisha ni kazi ya mtu mwenye kifaa. Halafu peleka kwa mtu anayetengeneza fidla au magitaa na mwambie neno hili, gundi ya ngozi, ya moto. Mwenyewe nimewahi kufungukiwa na fidla siku ya mvua hapa Mtwara, nikasubiri miezi miwili nipate mtu wa safari ya Dar wa kuipeleka, ilirudi inalia kama jana. Vigingi vilivyokwama usivilazimishe kwa koleo, vitakatika shingoni. Subiri siku kavu, vizungushe kimoja kimoja huku unavivuta nje taratibu, kila kinachotoka kipake sabuni kavu ya kipande kidogo sana pale kinapogusana na mbao kabla hujagusa kingine. Vikianza kuteleza wakati wa kusi hewa ikikauka, paka chaki ya darasani, na chaki najua unayo. Ndani ya kasha weka vile vipakiti vidogo vinavyokuja kwenye boksi za viatu, legeza upinde kila ukimaliza kupiga, vumbi la rozini, ule utomvu mkavu unaopakwa kwenye upinde, lifute kwa kitambaa kikavu, spiriti usiisogeze karibu na vanishi.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mtu mzima, nasoma safu yako na huwa nakubaliana na wewe. Lakini wajukuu zangu wanasikiliza fidla za Ulaya kwenye simu na sindimba hawaijui, hata kuisikia mpaka waje watalii. Mskoti aliyepita hapa Mikindani mwaka 1866 alikuwa Livingstone, naye alipita tu. Kwa nini unawafundisha watoto muziki wa wenzetu wakati wetu unakufa?
Mzee wa Mikindani

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimekaa nayo siku tatu na sikuipenda siku ya kwanza kwa sababu ilikuwa na haki ndani yake. Sindimba ukiisikia vizuri, siyo ile ya dakika tano ya kumpokea mgeni, ile ya usiku ngoma zimeota moto kwenye nyasi zikakaza ngozi, hakuna mtu anayeweza kukaa. Na ni kweli vijana wetu wengi hawajaipata hata mara moja kwa ukamilifu.

Ila mzee nikueleze ninachokiona mimi darasani. Kijana anayekuja na fidla ya Kiskoti nikimwambia apige ile kazi ya pili, ile ya kushika pigo wakati mwenzake anatamba, hawezi. Hawezi kwa sababu hajawahi kukaa kwenye ngoma. Wale waliokulia Tandahimba au Nanyamba wakacheza ngoma za jando, wakiwa wadogo wakapigapiga zile ngoma ndogo za vijiti ambazo haziruhusiwi kubadilika hata ngoma kubwa ikisema maneno gani, hao wanashika kwa siku moja. Wenye ngoma ndio wanaoiweza fidla, sijaona kinyume chake. Kwa hiyo kila mwanafunzi wa fidla anayeshindwa namrudisha kwenye ngoma, na wanarudi kwa hiari kwa sababu wanataka kitu.

Na hao Waskoti nao yamewakuta. Karne ya 18 na ya 19 watu wengi wa milimani walihama, wengine walifukuzwa kwenye ardhi na wenye mashamba waliotaka kufuga kondoo, wakavuka bahari mpaka kisiwa cha Cape Breton huko Kanada. Walibeba fidla. Watoto wa watoto wao waliendelea kupiga nyimbo zilezile kwenye jikoni za nyumba zao na kucheza kwa miguu, kiasi kwamba baadaye wapigaji wa Uskoti wenyewe wakawa wanaenda kule kujifunza namna ya kupigia wachezaji. Fidla nayo ilipofika pwani yetu ilikuwa mgeni, na ilikuwemo kwenye taarab ya Zanzibar enzi za Siti binti Saad aliyeenda kurekodi Bombay mwaka 1928, leo hakuna anayeiita ya wenzetu.

Sasa nina ombi. Binti wa Chikongola uliyemsoma hapo juu ana harusi mwezi wa 9 na anahitaji mtu wa kumfundisha mdogo wake kushika pigo bila kutetereka, kitabu hakiwezi kufanya kazi hiyo na mimi peke yangu simtoshi. Waskoti wana wimbo wa aina nyingine unaitwa jigi, unaenda kwa tatu-tatu, tátata tátata, mguu unagonga mara mbili na kila mguu una vitoto vitatu. Mzee ukiusikia dakika moja utajua mwenyewe ni ngoma gani ya kwetu inakaa hapo. Kama wajukuu zako wana simu waambie wakutafutie, sikiliza, kisha niandikie kupitia ofisi ya gazeti kama uko tayari wakufuate hapo Mikindani jumamosi moja, wao waje na fidla na wewe uwe umeshawasha moto wa kuotea ngoma.